Wale mlioniomba picha ya enclosure yangu nikakataa, sababu ni hii

Wakuu, habari za huko mliko. Niko Mutomo, jua linawaka, mtoto amelala, na nina jambo la kukiri mbele yenu.

Mnakumbuka kuna mchana niliingia hapa na hasira zangu, nikaandika kwamba enclosure za aluminium, yale makasha ya kuwekea SSD, diski ya kuhifadhia video, ni takataka na aliyeniuzia ni tapeli. Mkaniomba picha. Nikakataa. Mkaniomba tena, nikawajibu vibaya, nikatoka.

Leo nimetulia. Nitasimulia vile ilivyokuwa bila kuongeza chumvi na bila kujificha, ingawa sehemu kubwa inaniaibisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni editor wa video. Studio niliyokuwa nafanyia kazi Kitui mjini ilifungwa, nikarudi nyumbani na laptop yangu kuukuu, nikaanza kutafuta kazi za online. Baada ya kuhangaika sana, kampuni moja ya ng'ambo ikanipa jaribio. Video ya mafunzo, dakika arobaini. Niikate, niitie maandishi, niitume kabla ya saa kumi jioni siku ya Alhamisi. Walisema wazi kwamba atakayechelewa kazi yake haitafunguliwa.

Kuna jaribio jingine la kampuni nyingine nilikuwa nimelikosa kwa sababu laptop ilizima kwa joto nikiwa karibu kumaliza. Kwa hivyo nilijua adui yangu ni nani.

Mimi na mke wangu, Mwende, tulikuwa tumekubaliana. Hii ikikataa, naenda Nairobi kwa binamu yangu kubeba mawe kwa mjengo. Mtoto wetu, Mumo, alikuwa na wiki sita. Begi langu lilikuwa limepangwa tayari nyuma ya mlango, na kila nikiliona nilikuwa nageuza uso.

Sasa, vifaa. Hapa sikufanya mchezo.

Cooler, zile feni za kuweka chini ya laptop, nilijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa na feni moja kubwa katikati, kelele kama posho mill, na haikusaidia kitu. Nilikuja kugundua laptop yangu inavutia hewa kwenye kona mbili za nyuma, sasa ile feni ilikuwa inapuliza plastiki tu. Wakuu, kabla hujanunua cooler, pindua laptop yako uangalie matundu yake yako wapi. Ya pili ilikuwa na miguu ya kuteleza, nikairudisha. Ya tatu ina feni mbili na uso wa wavu wa chuma, na feni zinaangukia pale pale kwenye matundu. Ile ilishusha joto digrii kama kumi hivi. Nikaipenda.

Enclosure nayo, ile ya plastiki niliyokuwa nayo ilikuwa ikifika dakika ishirini za kazi nzito, SSD inapotea kwa screen kama haijawahi kuwepo. Ndipo nikanunua ya aluminium kutoka kwa jamaa mmoja wa humu, yuko upande wa Tawa. Ukiishika ikiwa inafanya kazi inachoma mkono kidogo. Hiyo si kasoro. Maana yake joto linatoka kwa SSD linaingia kwa chuma, na chuma kinalitoa nje. Mradi kipate hewa. Hilo la hewa mlishike, tutalirudia.

Jumanne nikafanya export ya majaribio, yaani kuitoa video yote iwe faili moja la kutuma. Saa moja na dakika ishirini, bila shida yoyote. Nikalala vizuri.

Jumatano mama mkwe akafika.

Mama mkwe anaishi Kambu, anauza ndengu kando ya barabara kuu. Alikuja kumwona mjukuu, na akamletea Mwende kuku wa kuchinjwa. Kuku akafungwa mguu pale kwenye nguzo ya veranda akingojea siku yake.

Kwa wale ambao si wa Ukambani, kuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima na aibu kati yako na wakwe, na kali kuliko zote ni ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamkai pamoja mkapiga stori. Hamtazamani usoni. Haruhusiwi kulala kwako. Ukitaka kumwambia kitu unamwambia kupitia mtu mwingine, hata akiwa amesimama hapo. Vijana wengi wa siku hizi wamelegeza, na kanisani wanasalimiana kwa mkono. Mama mkwe wangu hajalegeza hata kidogo. Alilala kwa mama mmoja wa kanisa, ploti mbili kutoka kwetu, na mchana alikuwa akishinda veranda na jikoni.

Na mimi na yeye tulikuwa na historia.

Mama huyu anafuma. Anafumia vitambaa viti, redio, TV, mitungi, kila kitu kilicho na juu. Mwaka jana alituletea kitambaa cheupe cha redio. Siku moja nilikuwa na haraka, nikakichukua nikapangusia screen ya laptop. Kuinua macho, mama mkwe amesimama mlangoni. Aliondoka siku hiyo hiyo na hakukanyaga kwetu tena mpaka Mumo alipozaliwa. Mwende alilia wiki nzima. Mimi nikaapa kwamba kitambaa cha yule mama sitakigusa tena maishani.

Sasa mko tayari kwa Alhamisi.

Asubuhi Mwende alimbeba mtoto kumpeleka kliniki ya chanjo, ambako foleni huisha jioni. Walikuwa wamechelewa kidogo kwa sababu Mwende alikuwa anatafuta soksi. Mumo akaondoka na soksi ya kijani mguu mmoja na nyeupe mguu wa pili. Nikawasindikiza hadi barabarani.

Kurudi, nikapata meza yangu imevishwa.

Kati ya laptop na cooler kulikuwa na kitambaa kipya cha kufuma, kizito, maua juu ya maua, kimefunika ule wavu wote wa chuma. Na enclosure, wakuu, enclosure ilikuwa imevaa sweta. Sweta ndogo ya kijani ya uzi mzito, imeibana kabisa, imeacha mdomo mdogo tu wa waya kutokea.

Mama mkwe alikuwa ameketi veranda kwenye kigoda, sindano mkononi, macho kwa uzi. Mlango uko wazi. Kutoka pale alipo anaiona meza yangu yote.

Nikasema nimpigie Mwende amwambie mama yake. Simu ya Mwende ikalia hapo hapo juu ya meza, alikuwa ameiacha kwa chaji.

Najua mnachosema. Toa hivyo vitu, fanya kazi. Ni rahisi kusema ukiwa huna mama mkwe kwenye veranda. Kufunga mlango ni kumfukuza. Kuvua ile sweta mbele ya macho yake ni lile kosa la kitambaa cha redio mara mbili. Nikajidanganya kwamba kitambaa kina matundu, hewa itapita. Mimi, mtu wa kuwashauri ninyi mambo ya joto kila wiki.

Saa nne na nusu nikaanzisha export.

Ilipofika asilimia ishirini, joto la laptop lilikuwa limepita tisini. Feni zinalia. Nikachukua vitabu viwili vya nyimbo za kanisa nikainua nyuma ya laptop ili angalau nafasi ipatikane, lakini kitambaa kikafuata laptop juu. Asilimia arobaini, mashine ikaanza kujipunguza mwendo yenyewe. Nikagusa enclosure juu ya sweta. Ilikuwa na joto la mgonjwa.

Asilimia sitini na moja, saa sita kamili, SSD ikapotea. Export ikafa.

Hapo ndipo niliingia humu kuwaandikia ule upuzi. Nilihitaji mtu wa kulaumu na yule jamaa wa Tawa alikuwa karibu. Naye akanijibu kwa upole kabisa, "Mkuu, hiyo kifaa ni nzima, nimejaribu mwenyewe. Umeiweka wapi? Piga picha tuone." Ninyi wengine mkadakia, picha, picha.

Ningepigaje picha? Ya enclosure imevaa sweta?

Nikachomoa, nikangoja ipoe, nikachomeka, nikaanza tena saa sita na robo. Safari hii ilikwenda polepole zaidi kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imeshika joto. Saa saba na nusu nilikuwa asilimia thelathini na nane tu. Nilipiga hesabu ya muda nikaona hatutafika. Nikaangalia lile begi nyuma ya mlango. Nikamwona Mumo akianza kutambaa, akianza kusema, na mimi niko juu ya mjengo naambiwa kwa simu.

Nikasikia kigoda kikisukumwa. Mama mkwe ameinuka, ameenda jikoni kuangalia muthokoi, mahindi yake ya kukoboa yaliyokuwa motoni.

Nikairukia ile sweta. Nikaivua mbio mbio bila kuchomoa waya, nikaiweka kwa paja. Chuma kilikuwa moto hata vidole vikaruka. Nikapuliza kwa mdomo, naapa, mtu mzima napuliza enclosure kama chai.

Halafu nikasikia viatu vyake vinarudi.

Wakuu, sijui niliingiwa na nini. Badala ya kuacha hivyo, nikaanza kuirudishia nguo. Sweta haiingii, nikavuta kwa nguvu. Waya ukachomoka.

Screen ikatulia. Export imekufa mara ya pili, na mimi ndiye nimeiua kwa mkono wangu. Saa saba na dakika thelathini na tano. Nikaweka kichwa juu ya meza. Sikulia, lakini nilikuwa karibu.

Halafu nikasikia sauti kutoka veranda.

"Kuku."

Nikainua kichwa. Mama mkwe ameketi, amenipa mgongo kabisa, anamwangalia yule kuku wa kwenye nguzo.

"Kuku, mimi nikiwa Kambu, ndengu zangu zikishika joto ndani ya gunia, nafungua gunia namwaga chini. Siulizi gunia ni ya nani."

Kuku akadonoa chini.

"Hata kama hiyo gunia nimeshona na mkono yangu," akaongeza.

Katika miaka minne ya ndoa hatukuwa tumewahi kuongea hata sentensi moja.

"Kuku," nikasema, "mwambie nyanya ya Mumo hiyo sweta ni nzuri sana. Hakuna mashine Mutomo nzima imevaa vizuri hivyo. Lakini mashine imeshikwa na homa. Na kazi inatakiwa saa kumi."

"Asi!" Akageuka nusu, akakumbuka, akarudisha mgongo. "Sasa kuku, si ungesema asubuhi? Mimi nimeona hapa vumbi ni mingi, nikasema nifunike. Mimi nitajuaje hiyo kitu inataka kukaa uchi?"

"Kuku aliogopa," nikasema. "Alikumbuka ile maneno ya redio."

Nikadhani nimeharibu kabisa.

"Ile ya redio," akamwambia kuku pole pole, "ilikuwa kitambaa ya kuweka juu ya redio. Haikuwa ya kupangusa. Hiyo ndio ilinichoma. Lakini imeisha. Mwambie imeisha."

Halafu akainuka. Nikamsikia akimimina maji. Na maji hapa mnajua yalivyo adimu, ule mtungi aliubeba mwenyewe asubuhi kutoka kwenye kioski. Akachovya leso yake ya kujifunga yote ndani, akaikamua, akaitundika mlangoni kutoka juu hadi chini.

Mimi sikumwona tena. Na yeye hakuniona.

Nilichelewa kidogo kuelewa alichofanya. Leso ilikuwa imezuia vumbi. Upepo uliopita kwenye ule unyevu uliingia ndani umepoa. Lakini kubwa zaidi, alikuwa ameweka pazia kati yetu. Nyuma ya pazia mkwe anaweza kuvua anachotaka na hakuna aliyevunjiwa heshima.

"Kuku," sauti ikasema upande wa pili, "sasa mwambie atoe nguo zote. Vumbi aniachie."

Nikavua. Kitambaa cha cooler nikakikunja kwa adabu, maua yakiwa juu, nikakiweka kitini. Sweta nikaiweka juu yake. Enclosure nikaisimamisha kwa ubavu juu ya wavu wa cooler, kwenye kona ambayo laptop haifiki, ipate upepo kutoka chini. Hii mbinu ichukueni, inafanya kazi. Project ilikuwa imejihifadhi yenyewe, hakuna kilichopotea.

Saa nane kasoro dakika tano, export ya tatu ikaanza.

Sikuinuka. Nilikuwa naangalia namba mbili tu, asilimia na joto. Sabini na tisa. Themanini na mbili. Themanini na nne, ikasimama hapo. Enclosure ilikuwa na moto wake wa kawaida, ule mzuri. Kila leso ilipoanza kukauka, nilisikia maji yakimiminwa, na leso ikaloa tena. Jua lilikuwa linazunguka upande wetu na upepo wa vumbi ukaanza, ule mwekundu, nikauona ukijichora kwenye leso badala ya kuingia kwa feni zangu.

Saa tisa na robo, asilimia mia. Nikaanza kutuma.

Network ya Mutomo mchana ni ya kuombea. Nikaweka simu dirishani, bar mbili. Ikafika nusu, ikasimama. Ikaendelea. Ikasimama tena kwenye tisini na moja, dakika nne nzima, mpaka nikasikia meno yangu yakisagana.

"Kuku, imefika?"

"Bado."

Saa kumi kasoro dakika sita, ikafika.

"Kuku," nikasema, "mwambie imefika."

Upande wa pili nikamsikia akimshukuru Mungu kwa Kikamba, muda mrefu, kama mtu aliyekuwa amebeba gunia kichwani siku nzima. Halafu akarudi jikoni kwa muthokoi wake, ulikuwa umeungua chini.

Wiki iliyofuata kampuni ikanijibu. Wamenichukua. Begi nililipangua siku hiyo hiyo, na kuku hakuchinjwa. Hakuna aliyekuwa na moyo huo, sasa anataga.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike uzi huu.

Jana nilikuwa nasafisha meza nikapata ile sweta ya kijani. Nikampa Mwende aiweke vizuri, mama asije akaikosa. Mwende akaiangalia, akaigeuza, akacheka, halafu macho yakajaa machozi. Akaichukua akamvisha Mumo mguuni. Ikaingia mpaka kwenye kisigino.

Wakuu, ilikuwa soksi.

Mwende akanieleza. Siku mama yake akijiandaa kuja, alikuwa amemwambia kwa simu kwamba kazi yote ya baba Mumo iko ndani ya kidude kidogo cha chuma, na kidude kikiharibika, baba Mumo anaenda Nairobi. Alikuwa ameshafuma soksi mbili za mjukuu. Akafika hapa, Alhamisi asubuhi akamvisha Mumo mguu mmoja, na ya pili akaivisha kile kidude, kisipigwe na vumbi, baba wa mtoto asiondoke.

Siku nzima nilikuwa napigana na ile nguo, na ilikuwa imefumwa ili nibaki nyumbani.

Sasa nilichojifunza. Cooler nzuri na enclosure nzuri havifanyi kazi vikizibwa, hilo mnalijua. Lile ambalo mimi sikulijua ni kwamba ningesema mapema, hata kwa kuku, ningeokoa zaidi ya saa tatu za maisha yangu. Kifaa kikikusumbua, kabla hujamtukana aliyekuuzia, angalia kimekaaje. Jamaa wa Tawa, nilikukosea mbele ya watu na naomba radhi mbele ya watu hao hao. Enclosure yako ni nzima kabisa.

Wenye cooler za aina nyingine mnaotumia sehemu za vumbi na joto kama huku, tupeni ripoti zenu. Na wenye mama wakwe, mniambie kama ni mimi peke yangu.

Picha mliyoniomba naiweka hapa chini. Kushoto ni enclosure, iko uchi. Kulia ni soksi, na mwenye mguu amelala.